Chemchemi Yenye Majina Matatu

Mzee wetu wa kupima maji aliandika kwa penseli. Siku yangu ya kwanza ofisini, hapa Sekei, mwaka 2016, nilimwuliza kwa nini asitumie kalamu kama watu wengine. Hakunijibu upesi. Alifungua kaunta buku lake lenye jalada jekundu, akarudi nyuma kurasa nyingi, akanionyesha ukurasa mmoja wa zamani ambao wino wake ulikuwa umetawanyika ukawa wingu la buluu. Namba zote zimekwenda. "Maji hayaheshimu wino, mwanangu," aliniambia. "Penseli yanaiheshimu."

Ofisi ilikuwa nyumba ya kupanga, juu kidogo ya Sanawari. Sebule tuliigeuza chumba cha kompyuta, jiko likawa stoo ya chupa za sampuli. Kazi yetu ilikuwa kufuatilia chemchemi, visima na mabomba ya vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, tujue kila chanzo kina madini ya floraidi kiasi gani. Aliyezaliwa huku hahitaji kuelezwa sababu. Meru ni mlima wa volkano, na maji yanayopenya kwenye miamba yake huokota floraidi njiani. Ikiwa kidogo, inaimarisha meno. Ikizidi, meno ya mtoto huharibika yakiwa bado ndani ya fizi, yakaota na madoa ya kahawia yasiyosugulika. Ikizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa hupinda. Shirika la Afya Duniani linashauri isipite miligramu 1.5 kwa lita. Sisi Tanzania kwa muda mrefu tulivumilia hadi 4, maana tungeshika kile kipimo kikali vyanzo vingi vingefungwa na watu wangekosa pa kuchota. Baadaye nasi tukashuka hadi 1.5. Pale Ngurdoto serikali ina kituo cha utafiti wa kuchuja madini hayo, na miongoni mwa njia zake ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Nimeyaeleza hayo ili ieleweke kwamba katika kazi ile namba ilikuwa na uzito. Chemchemi mbili zilizoachana kwa mwendo wa nusu saa zinaweza kutofautiana kama usiku na mchana. Nukta ikihama nafasi moja tu, 12 inakuwa 1.2, na maji mabaya yanakuwa mazuri kwenye karatasi.

Kumbukumbu zote zilikaa kwenye faili moja la Excel, ndani ya folda ya pamoja iliyoonekana kwenye kompyuta zetu nne. Mzee akirudi na kaunta buku lake, mimi naingiza namba. Mwenzangu aliyekuwa akiandaa ripoti za vijiji naye hulifungua faili hilohilo. Aliyewahi kufanya kazi hivyo anajua kinachofuata. Wa kwanza akishalifungua, wa pili huambiwa asome tu, asiandike. Basi wa pili, kwa kuwa ana kazi na muda hautoshi, husevu nakala yake kwa jina lingine. Kesho yake folda ina faili la maji, faili la maji jipya, faili la maji jipya sahihi, na faili la maji jipya sahihi la pili.

Asubuhi moja niliingiza 1.2 pale mzee alipoandika 12. Mchana aliipitia kazi yangu, kama alivyokuwa akifanya siku zote, akiwa ameweka kidole chake kwenye kioo na kingine kwenye kaunta buku. Akaliona kosa. Nikalisahihisha mbele yake, nikasevu, tukaenda kunywa chai. Lakini mwenzangu alikuwa amechukua nakala yake asubuhi, kabla ya masahihisho. Jioni, alipomaliza kuongeza yake, nakala ile ndiyo ikawa na tarehe ya karibuni zaidi, na ndiyo iliyochapwa na kupelekwa kijijini. Kosa nililokuwa nimelizika lilifufuka usiku ule, na hakuna aliyelifufua kwa kusudi.

Wiki sita zikapita. Mzee alikuwa akipanda kwenda kupima chanzo kingine, akakuta foleni ya madumu kwenye chemchemi ambayo yeye mwenyewe aliipima akaiona haifai. Akauliza. Akaambiwa: karatasi ya ofisini kwenu imesema maji haya ni salama, na hapa ni karibu kuliko kule tulikokuwa tunakwenda.

Nilifuatana naye kesho yake kwenda kueleza. Tulisimama chini ya mgomba, watu wakatusikiliza kwa heshima ambayo sikustahili. Mama mmoja mwenye mtoto wa miaka kama minne, aliyekuwa ameshajaza dumu lake la lita ishirini, aliuliza, "Kwa hiyo ile karatasi ilikuwa uongo?" Nilitafuta neno lililo kati ya uongo na kosa, sikulipata. Nikamwambia, "Ndiyo, mama. Haikuwa kweli." Akainamisha dumu taratibu, maji yakarudi chini yalikotoka, akamshika mtoto mkono, akaanza kupanda njia ya zamani.

Mwendo wote wa kurudi nilijilaumu kwa kidole changu kilichokosea nukta. Mzee alinisikiliza mpaka tulipofika barabarani, kisha akasema kitu ambacho nimekaa nacho tangu siku hiyo. Alisema kosa lako tulilisahihisha, tena mbele yangu. Lililotushinda ni kuchota pamoja.

Akaniuliza kama naujua mfereji. Kwenye miteremko hii ya Meru, Wameru na Waarusha wamechimba mifereji ya kumwagilia tangu enzi za mababu. Mfereji ni mmoja, mashamba ni mengi. Hakuna anayejifungulia maji apendavyo, kwa sababu nzuri tu: wawili wakifungua kwa wakati mmoja, shamba la juu linafurika na la chini linakauka. Kuna zamu, na kuna mtu anayejua sasa ni zamu ya nani. Faili letu, alisema mzee, ni mfereji usio na mtu wa zamu.

Sikujua wakati ule kwamba alikuwa amenieleza, kwa maneno ya shambani, jambo ambalo wataalamu wa kanzidata wamelishughulikia kwa zaidi ya nusu karne.

Kikao cha kuchagua programu kiliitishwa. Mhasibu alitaka tubaki na Excel, tuongeze nidhamu tu. Mkuu wetu alikuwa ameonyeshwa programu ya nje, ya kulipiwa kila mwaka kwa dola, yenye michoro ya kupendeza. Kijana wa kompyuta alitaka kila kitu kiwekwe kwenye intaneti. Mimi nilitaka Access, programu ya kanzidata, na niliitetea kama mtu anayemtetea ndugu yake. Nilisema ni nyepesi, ipo tayari kwenye kompyuta zetu, ina fomu nzuri za kuingizia taarifa. Yote hayo yalikuwa kweli. Ambalo sikulisema, na pengine sikulijua, ni kwamba niliipenda kwa sababu nilifundishwa hiyo chuoni, na ikichaguliwa mimi ndiye nitakayeulizwa kila kitu. Nimeshuhudia vikao vingi tangu hapo, vya kanzidata na vya mambo mengine kabisa, hata vya harusi, na mara nyingi watu hutetea kile ambacho wao wenyewe wanakijua, wakadhani wanakitetea kwa ubora wake.

Access ikashinda. Lakini kabla haijapokea hata namba moja, ilituuliza swali ambalo Excel haikuwahi kutuuliza: chemchemi hii ni ipi?

Kanzidata za aina hii zinafuata wazo la Mwingereza mmoja, Edgar Codd, aliyekuwa akifanya kazi IBM na kulitangaza mwaka 1970. Taarifa zikae kwenye majedwali, kila jambo liandikwe mahali pamoja tu, na majedwali yaungane kwa alama inayokitambulisha kila kitu. Chemchemi iandikwe mara moja kwenye jedwali la vyanzo, ipewe namba yake. Vipimo vyake vyote, hata vikifika mia, vitaje namba ile tu. Ukirekebisha mahali pale pamoja, umerekebisha kote.

Jambo jepesi kulisema. Tulipolijaribu tukakuta Ngarenanyuki imeandikwa kwa namna nne kwenye mafaili yetu: kwa neno moja, kwa maneno mawili, kwa ng' ya ving'ong'o, na moja iliyokosa herufi kabisa. Kwa kompyuta, hayo yalikuwa maeneo manne. Hilo tulilimaliza kwa nusu siku. Kazi ilikuwa kwenye vyanzo vidogo, vile vya kitongoji, ambavyo havina jina lililochapwa mahali popote. Kuna chemchemi moja watu wa juu wanaiita kwa jina la mti uliokuwa hapo, watu wa chini wanaiita kwa jina la mzee aliyeijengea kizingiti, na wanafunzi wanaiita kwa jina la shule. Kwenye kumbukumbu zetu ilikuwa chemchemi tatu, zenye vipimo vitatu vya miaka tofauti, na kila mtu aliyesoma ripoti aliamini kijiji kile kimebarikiwa maji.

Tulikaa wiki tatu kwenye majina. Mzee alikaa mbele na makaunta buku yake yote, ya miaka kama ishirini, yamefungwa kwa mpira wa baiskeli. Alitaja chanzo, akaeleza njia ya kukifikia, akataja anavyokiita huyu na anavyokiita yule. Mwenzangu wa ripoti alikuwa na jina lake, mimi nina langu, tukabishana, tukapigia simu wenyeviti wa vitongoji. Mkuu alianza kukosa subira. Alisema tumeshachagua programu halafu tunapiga soga. Mzee akamjibu kwa upole, akimwita mkuu wangu ingawa alikuwa amemzidi umri kwa mbali: "Nikifa leo, mkuu wangu, nani atakuonyesha kwamba hizi tatu ni moja?"

Mkuu akakaa, akaagiza chai.

Mwisho kila chanzo kikapata namba, na majina yake yote yakahifadhiwa kwenye jedwali la pembeni, bila kulifuta hata moja. Naamini wiki zile tatu zilikuwa nusu nzima ya kazi. Hakuna programu, ya bure wala ya dola, ambayo ingetuamulia kwamba mti, mzee na shule ni chemchemi ileile. Yale ambayo watu hawajakubaliana, mashine huyahifadhi hivyohivyo yakiwa hayajakubaliwa, tena kwa unadhifu unaokufanya usahau kwamba kuna ubishi.

Access ilitufaa. Sitaisema vibaya. Imekuwapo tangu mwaka 1992, na ofisi nyingi ndogo imezitoa kwenye madaftari. Lakini ina tabia moja ambayo mtu hapaswi kuisahau anapoiweka kwenye mtandao wa ofisi. Data yote ni faili moja lililokaa kwenye folda, na kila kompyuta inalifikia faili lile kwa mkono wake yenyewe, ikivuta vipande vyake kupitia waya na kuvirudisha. Pembeni hutokea kafaili kadogo kanakoandika nani yumo ndani, angalau wasikanyagane. Hapo zamu ipo. Mlinzi hayupo: wote wanaingiza mikono chunguni. Kompyuta moja ikizimika wakati mkono wake umo ndani, chungu kinaweza kupasuka.

Masika ya 2019 umeme ulikatika mara tatu ndani ya saa moja. Mara ya tatu ilimkuta mwenzangu katikati ya kusevu. Umeme uliporudi, faili halikufunguka. Tulijaribu kulitengeneza kwa kila njia tuliyoijua mpaka giza likaingia. Bakapu ilikuwepo, ila ilikuwa ya siku kumi na moja nyuma; aliyepaswa kuichukua kila Ijumaa alikuwa mimi, na Ijumaa ile nilikuwa nimewahi daladala.

Siku kumi na moja za vipimo zilikuwa kwenye penseli. Usiku ule na uliofuata, mzee alisoma, mimi nikaandika. Alikuwa na namna yake ya kusoma namba zenye nukta: hasemi moja nukta mbili, anasema "moja, na vipande viwili", ili sikio lisidanganyike. Dada wa mapokezi alikaa nasi, akatuletea chapati na maharage kutoka kwa jirani, akaendelea kushika tochi ya simu umeme ulipokatika tena.

Baada ya usiku ule nilianza kuuliza wengine walipitaje. Ndipo nilipojua habari za Mosoriot. Ni kituo cha afya upande wa Nandi, Kenya, si mbali na Eldoret. Mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walifunga hapo mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa, miongoni mwa mifumo ya kwanza ya aina hiyo katika kituo cha vijijini Afrika yetu hii. Waliujenga kwa Access. Ulifanya kazi. Kisha huduma ya wenye virusi vya UKIMWI ikapanuka, vituo vikaongezeka, wagonjwa wakawa maelfu kwa maelfu, na chombo kile kikaelemewa. Mwaka 2004 wakaanza kusanifu kingine, OpenMRS, chenye kanzidata ya MySQL chini yake, na mwaka 2006 kikaanza kutumika kwao Kenya. Leo kinatumika katika nchi nyingi, na mtu yeyote anaweza kukichukua bila kulipia.

Habari hiyo ilinipunguzia aibu. Walioanza na kidogo Mosoriot hawakukosea kuanza na kidogo. Walipoona kimewafikisha ukingoni, walishuka wakapanda kingine, na data wakahama nayo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ukingo ule miezi mingi, nikiona faili linavyozidi kuwa zito asubuhi, nikisema litakaa sawa.

Safari hii hatukuitisha kikao cha programu gani. Tuliandika kwanza maswali yetu ubaoni. Wangapi wataandika kwa wakati mmoja? Umeme ukikatika katikati, nini kinabaki? Nani anaruhusiwa kuona nini? Aliyeitengeneza akiondoka, nani atairithi? Tukitaka kuhama, data yetu itatoka? Na bei, ambayo safari ya kwanza ndiyo iliyotangulia, sasa ikawa ya mwisho.

Swali la nani aone nini lilikuwa na uzito wa pekee. Tulikuwa tumeanza kuhifadhi orodha za wanafunzi waliokaguliwa meno, majina na shule zao. Kwenye faili la Access la folda ya pamoja, aliyeweza kulifungua aliweza kulibeba lote kwenye flashi. Wakati huo hatukuwa na sheria mahususi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 ikaanza kutumika Mei 2023. Lakini mtoto anayechekwa darasani kwa meno yake hakuhitaji sheria ili astahili kufichiwa jina.

Tukaenda kwenye kanzidata ya PostgreSQL. Asili yake ni mradi wa Michael Stonebraker katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, ulioanza mwaka 1986, na ni ya bure, haimilikiwi na kampuni moja. Tuliifunga kwenye kompyuta ya mezani iliyokuwa imestaafishwa, tukaiweka ndani ya kabati la ukutani lenye matundu ya hewa, na betri ya akiba pembeni. Hiyo ikawa seva. Kuanzia hapo hakuna kompyuta iliyogusa data kwa mkono wake. Inaomba, seva inatoa. Inaleta, seva inapokea, kwa zamu. Na kabla ya kugusa jedwali lenyewe, seva huandika kwanza kwenye daftari lake la safari kile inachotaka kufanya. Umeme ukikatika, ikiamka husoma daftari lile, ikajua lipi lilikamilika na lipi liachwe kana kwamba halikuanza. Nilipomweleza mzee hilo alicheka kwa furaha. "Nayo ina kaunta buku!"

Fomu za Access tuliziacha zilezile, tukaziunganisha na seva kwa nyuma. Hilo lilikuwa pendekezo la dada wa mapokezi, ambaye hajawahi kusomea kompyuta. Alisema watu wameshazoea mlango, msiwabadilishie mlango na nyumba siku moja. Kompyuta mpya zilizokuja baadaye bila Access tuliziwekea Base ya LibreOffice. Base ikiachwa peke yake, na data yake ndani ya faili lake, ni chombo cha mtu mmoja; ikiunganishwa na seva inakuwa dirisha zuri.

Kila mtu akapewa jina lake la kuingilia, na mfumo ukaanza kuandika nani amebadilisha nini na lini. Hapo palitokea manung'uniko. Mwenzangu wa ripoti aliona kama anatuhumiwa, na nilimwelewa, maana sote tulikumbuka ile karatasi ya kijijini. Mzee alifunua kaunta buku, akaonyesha chini ya kila ukurasa saini yake ndogo, miaka yote. Hakusema neno. Mwenzangu akaziangalia kurasa kama kumi, kisha akauliza nenosiri linatakiwa liwe na herufi ngapi.

Kijana wa kompyuta aliyeifunga seva alipata kazi Dodoma mwaka uliofuata, akaondoka na nenosiri kuu kichwani mwake. Hakukusudia ubaya, tulimpigia, akatupa. Lakini zile saa tatu alizokuwa safarini bila simu zilitufundisha kuliandika, kulitia kwenye bahasha, kuigonga muhuri na kuifungia kwenye kasha la fedha. Watu wanasahau kwamba nchi yetu iliwahi kuumwa na jambo la ukoo huuhuu. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya jaribio la kuziweka hesabu za serikali kwenye mashine kuleta hasara. Wengine huisimulia habari hiyo kama woga wa maendeleo. Mimi naisoma tofauti: mashine ilifika kabla ya watu wa kutosha wa kuilea. Ndiyo maana sasa kila Jumatano mtu mmoja ofisini, kwa zamu, huirudisha bakapu kwenye kompyuta nyingine tuone kama inafunguka. Hata mhasibu ana Jumatano yake.

Mhasibu mwenyewe alibadilika polepole. Kilichomgusa zaidi ni habari ya Oktoba 2020 kutoka Uingereza, ambako wagonjwa wa korona 15,841 walikosekana kwenye hesabu za kila siku kwa sababu faili la muundo wa zamani wa Excel lilikuwa limejaa. Muundo ule unaishia safu 65,536, na zilizozidi ziliachwa nje kimyakimya. Waliokaa karibu na wagonjwa wale walichelewa kuambiwa. Aliisoma habari ile mara mbili, akasema, "Kimyakimya ndiyo mbaya."

Kijana aliyetaka yote yawe kwenye intaneti hakuwa na makosa, na siku moja huenda tutafika huko. Ila tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ikazorota nchi nzima, sisi tuliendelea kuingiza vipimo kupitia waya wetu unaotoka kabatini. Siku hiyo nilifurahi kwa ajili ya kabati lile kuliko nilivyofurahia vitu vingi vya thamani.

Mzee amestaafu. Penseli na kaunta buku jipya vimekwenda kwa binti aliyeajiriwa badala yake, naye hupanda milima na kishikwambi begani, lakini penseli haiachi. Mwezi uliopita mzee alipita kutusalimu. Tulimwamkia, akaketi kwenye kiti chake cha zamani, akaomba nimwonyeshe ile chemchemi. Nikaifungua kwenye kompyuta yangu. Namba yake, vipimo vyake vya miaka yote vimejipanga, 12 ikiwa mahali pake na jina la aliyepima mbele yake. Chini yake majina: la mti, la mzee, la shule.

Akayasoma, akanyamaza kidogo. Akasema kuna jina lingine, la zamani kuliko hayo, alilokuwa akilitaja bibi yake mzaa mama kwa Kimeru, na yeye hakuwahi kulitoa kwa sababu alidhani halina kazi ofisini. Nikamwomba alitamke polepole. Nikaliandika, nikamwuliza kama ng' ina king'ong'o, akasema ndiyo. Nikasevu.

Aliendelea kukitazama kioo changu, hajaridhika. Nikamwita dada wa mapokezi, nikamwomba afungue chanzo kile kwenye kompyuta yake, kule mlangoni. Tukamsikia anabofya. Kisha, kutoka upande wa pili wa ile nyumba, akalisoma jina la bibi kwa sauti, na mzee akamwitikia kwa Kimeru.